Bubu Ndani ya Mtungi

Alhamisi, asubuhi

Kwako kaka yangu,

Salamu nyingi nakuletea, wewe na nyumba yako yote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia na kile kikohozi cha asubuhi kimekuachia. Wifi yangu hajambo? Na wanangu, yule mkubwa na mapacha, hawajambo? Waambie shangazi yao yupo, hajawasahau, ni mambo tu yamemzidi. Mama yuko kwako tangu mwezi uliopita, kwa hiyo hali yake unaijua kuliko mimi. Mimi, ukiuliza mwili, ni mzima. Nakula, naoga, nalala. Ukiuliza zaidi ya mwili, soma mpaka mwisho.

Najua utashangaa kupokea barua. Siku hizi nani anaandika barua, tena kwa ndugu anayekaa mabasi mawili tu kutoka kwake? Lakini nimekupigia simu mara kumi na moja. Mara unaendesha gari, mara uko msibani, mara mtandao unakata, na mara ya mwisho alipokea mtoto akasema baba amesema hayupo. Nilicheka, kaka, haki ya nani nilicheka. Hata sisi tulipokuwa wadogo ulikuwa ukinituma mimi mlangoni nikaseme hivyo hivyo. Basi nimeona niandike, maana barua haikati mtandao. Utaisoma tu, hata kama ni kwa kuchungulia.

Leo ni wiki ya tatu sijakanyaga kazini. Mlinzi wa getini aliniomba kitambulisho changu kwa aibu, kama vile yeye ndiye mwenye kosa, akakitia kwenye bahasha na kuandika jina langu vibaya. Sikumrekebisha. Tangu siku hiyo nimebaki hapa chumbani na daftari langu la vipimo, ambalo nilitoka nalo kwenye mkoba bila mtu kuniuliza. Nimelisoma ukurasa kwa ukurasa, na mengi ninayokuandikia leo nimeyakuta humo.

Unakikumbuka chumba changu cha kazi. Wewe mwenyewe ndiye uliyepanda ngazi kunipigilia yale mapazia meusi, ukashuka na vumbi kichwani kama mtu wa kinu cha unga. Ile meza nzito isiyotikisika, leza ya kijani upande wa kushoto, kile kichumba kidogo cha chuma chenye vidirisha vinne vya kioo katikati, na kompyuta upande wa kulia. Ulipovaa miwani ya kinga kwa mara ya kwanza ulisema umefanana na mchomeleaji aliyekwenda harusini. Ulitaka kujua mwanga unawezaje kupima kitu kisichoonekana, nami nikafurahi mno, maana pale kiwandani hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza. Meneja alikuwa anataka vyeti tu, vitoke kabla magari hayajaondoka.

Nilikueleza hivi, na naandika tena kwa sababu kesi yote imo humo. Gesi inaingia kwenye kichumba, leza inapita katikati yake. Karibu mwanga wote unabaki na rangi yake ile ile ya kijani. Lakini chembe moja ya mwanga katika mamilioni kwa mamilioni inaigonga molekuli, inaiachia nguvu kidogo ya kutikisika, halafu yenyewe inatoka imepungukiwa, imebadilika rangi. Oksijeni ni atomu mbili zilizoshikana, zinatikisika kwa namna yake, na mwanga wake unatoka umeelekea njano. Naitrojeni nayo ni mbili, ila zimeshikana kwa nguvu zaidi, mwanga wake unaelekea rangi ya chungwa. Jicho halioni, lakini mashine inaona na kuchora kilele kwenye chati, kila gesi mahali pake, wala hakuna inayokalia kiti cha mwenzake. Ni kama Mama anavyonunua chungu: anakigonga kwa kidole, anasikiliza, kisha anajua kama kina ufa. Ulielewa haraka kuliko wahandisi. Ndipo ukaanza kuniita Profesa mbele ya watu, nami nikawa najifanya sipendi.

Nilikuwa na sababu ya kutaka unione najua kitu. Baba alipofariki wewe uliacha shule ukaenda kubeba mitungi begani ili mimi nisome. Sijasahau hata siku moja. Kila nilichokijua nilihisi nusu yake ni yako, kwa hiyo nilipokuwa nakieleza kwako nilijiona kama narudisha kitu kwa mwenyewe.

Ndiyo maana Jumapili ile nyumbani kwako, wifi akiwa anatoa vyombo mezani, sikusita kukujibu. Uliniuliza kama kuna gesi yoyote inayoweza kunipiga chenga. Nikakwambia ipo moja, argoni, ile wanayotumia mafundi wa kuchomelea. Argoni ni atomu moja peke yake, haina mwenzake wa kutikisika naye. Leza inaipiga, nayo kimya. Nikakwambia kwamba hata kwenye daftari langu siandiki argoni, naandika Bubu. Jina hilo nilikuwa sijamtajia mtu mwingine yeyote, na mpaka leo sijamtajia. Nikakueleza na kichekesho chenyewe, kwamba programu ya kompyuta inahesabu zile gesi inazoziona tu, kisha inafanya jumla yao kuwa mia. Mtungi ukiwa na oksijeni nusu na Bubu nusu, mashine itamwona oksijeni peke yake, na cheti kitatoka oksijeni karibu mia kwa mia. Tulicheka mpaka mapacha wakaja kuuliza tunacheka nini.

Nikasema hilo halininyimi usingizi. Sheria ya chumba cha kujazia inajulikana: kila mtungi unaorudi unanyonywa kwanza kwa pampu mpaka ubaki mtupu kabisa, ndipo ujazwe, na mitungi ya wachomeleaji haichanganywi na ya hospitali hata siku ya dharura. Na msimamizi wa chumba hicho ni nani? Ni kaka yangu wa damu. Nikaegemea kiti, nikashiba.

Sasa nikupe habari kwa mpangilio, hata zile unazozijua, usije ukasema kuna kitu sikukueleza.

Ijumaa ile nesi wa wadi ya mapafu alikuja mwenyewe kiwandani, na mtungi nyuma ya gari. Ni mama mnene, sauti yake ya pole, lakini hana mchezo. Alisema alikuwa na mgonjwa, mwanamke muuza vitambaa, kile kifaa cha kubana kidole, kinachopima oksijeni kwenye damu, kikisoma themanini na mbili. Wakamfungia mtungi wetu mpya, na saa nzima namba haikupanda. Wakamtolea mtungi wa zamani uliobaki stoo, dakika kumi tu namba ikafika tisini na tano. Cheti changu alikuwa amekishika mkononi, sahihi yangu imekaa chini kwa madaha. Akaniuliza aiamini karatasi au aiamini midomo ya mgonjwa iliyokuwa imegeuka bluu.

Nilipima mara tatu mbele yake. Tisini na tisa nukta sita, mara zote tatu. Nilitaka kumwambia mpira wao unavuja, aende zake. Lakini alikuwa ameketi kwenye stuli, mkoba magotini, haonyeshi dalili ya kuondoka. Nikautoa kabatini ule mtungi mdogo wa mfano, wenye oksijeni safi ya kulinganishia nyingine, nikaweka presha ile ile na sekunde zile zile. Kilele cha oksijeni kilipanda karibu mara mbili ya kile cha mtungi wa nesi. Na kwenye chati ya nesi hapakuwa na kilele kingine cha kuziba pengo hilo. Mtungi umejaa, geji inasema umejaa, na karibu nusu ya kilichomo hakisemi kitu. Nilimwomba aniachie mtungi, nikamwahidi nitampigia jioni hiyo hiyo.

Kabla ya meneja, kabla ya nesi, kabla ya mtu yeyote, nilikupigia wewe. Sikukupigia kukushtaki, kaka. Nilikupigia kwa sababu nilidhani kuna mtu anakuhujumu kwenye chumba chako, nikataka ujue wa kwanza. Ulinisikiliza bila kunikatisha. Ulisema pampu imekuwa ikisumbua kidogo, nikupe mpaka Jumatatu ujue kama ni mtungi mmoja au ni mingi. Ulisema nikipiga kelele siku hiyo kiwanda kitafungwa, watu sitini watakaa nyumbani, na Mama atayasikia kwenye redio na presha yake ile. Uliniita mdogo wangu mara mbili. Nami nikakupa hizo siku mbili, kama mtu anayemwazima nduguye mwavuli.

Jumatatu nilipokuja nilikuta mitungi ya wachomeleaji imeondolewa uani, sakafu imeoshwa mpaka inanukia sabuni, na daftari la pampu lina sahihi yako ya kila siku kwa miezi mitano, zote kwa wino mmoja. Nilisimama mlangoni nikajiambia labda ulikuwa unasafisha tu. Unaona nilivyokuwa nakupenda? Mtu mwingine yeyote ningemjua hapo hapo.

Na katikati ya siku hizo mbili, Jumamosi mchana, palitokea jambo. Seremala mmoja, baba wa watoto wanne, aliingizwa wadi ile ile akihema kwa shida, wakamfungia mtungi wetu. Nesi yule alikuwa hayupo zamu. Waliomhudumia waliiona namba inashuka, wakatazama cheti, wakaona gesi ni safi, wakadhani ni mapafu yamekataa. Saa tano zilipita kabla mtu hajafikiria kubadilisha mtungi. Hakufa. Nimekwenda kumtazama mara mbili. Anakaa kitandani anapiga randa hewani kwa mikono miwili, taratibu, kama ubao uko mbele yake, na anamwita mkewe kwa jina la dada yake. Hamkumbuki kabisa mtoto wake wa mwisho. Daktari anasema huenda kitu kikarudi, huenda kisirudi.

Hapo ndipo ikaundwa kamati ya uchunguzi, nami nikasimamishwa kazi, kwa kuwa sahihi kwenye cheti ni yangu. Mpelelezi wao ni mwanamke mkimya, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba. Aliniwekea mezani picha za vitako vya mitungi tisa iliyokutwa hospitali. Kila kitako kilikuwa kimeandikwa kwa chaki, herufi kubwa: BUBU. Akaniuliza kama nalijua neno hilo linamaanisha nini pale kiwandani, maana wapakiaji wote wamekataa kulijua. Nikamtazama machoni nikasema silijui. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza mbele ya kamati, na niliusema kwa ajili yako, nikiwa bado natafuta jinsi ambavyo labda neno lilikutoroka mdomoni ukiwa unatania, mtu mwingine akalidaka.

Kisha akanisogezea karatasi ya pili, maelezo yako. Mwandiko wako naujua, ndio ulioniandikia jina kwenye daftari langu la kwanza la shule. Umeandika kwamba chumba cha kujazia kilifuata kanuni zote. Umeandika kwamba pampu ilikuwa nzima. Umeandika kwamba mpimaji ana mazoea ya kutoa vyeti bila kuangalia chati, na kwamba ulishawahi kumwonya. Mpimaji, kaka. Kurasa mbili nzima, na hakuna mahali ulipoandika dada yangu.

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako waliniona mimi, ila hawakusema kwamba nguo yenyewe nilikuwa naifua na kuipiga pasi kila wiki. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Kwenye kituo cha basi mpakiaji mmoja alinifuata, akaniambia kwa sauti ya chini, huku anatazama pembeni, kwamba pampu ilikufa mwezi wa tatu na wewe uliwaambia wafunge midomo. Meneja alikuwa amekuahidi usimamizi wa tawi jipya, na mtu ambaye chumba chake kimesimama hapewi tawi. Mitungi ya hospitali ilipopungua mkaipaka mitungi ya wachomeleaji rangi ya hospitali, mkaijazia oksijeni juu ya Bubu aliyebaki ndani. Hatayasema hayo mbele ya kamati, alisema, ana familia. Kila mtu ana familia siku hizi, isipokuwa seremala.

Halafu Mama akanipigia. Alianza na salamu, akaulizia kama nakula, kisha akasema wewe una watoto watatu na mimi sina hata mmoja. Akasema leza haina watoto na leza haifungwi, kwa hiyo niseme leza ilikosea, yaishe. Alilitamka neno hilo vizuri kabisa, yeye ambaye hata kompyuta humshinda. Mtu alikuwa amemfundisha. Akamaliza na damu ni nzito kuliko maji. Nilimwambia leza haikukosea, Mama, ilisema kila ilichokiona. Akasema mimi siku zote nimekuwa mgumu wa moyo. Kaka, ungeweza kunipiga kofi mbele ya kiwanda kizima nikavumilia. Kumtuma Mama anifanyie kazi hiyo ni kitu kingine.

Lakini hata hapo nilikuwa sijafika chini kabisa. Nilifika huko nilipokuwa nasoma daftari.

Jumapili ile mezani uliuliza swali jingine. Uliniuliza, basi mimi nitamjuaje Bubu akiingia. Nikakujibu kwa furaha ile ile. Nikasema nitamjua kwa urefu wa kilele cha oksijeni, maana Bubu akichukua nafasi, oksijeni inapungua na kilele kinakuwa kifupi. Ndiyo maana kila asubuhi naupima kwanza mtungi wa mfano, naweka mstari, na mingine yote nailinganisha na mstari huo. Ila, nikakwambia, mtungi wa mfano umekaribia kuisha na meneja hajaagiza mwingine, kwa hiyo naubania, na siku hizi mstari wa asubuhi nauweka kwa mtungi wa kwanza unaotoka chumba chako. Kosa hilo ni langu, lakini nililifanya kwa kuwa chumba kilikuwa chako. Ulimega mkate, ukabadilisha mazungumzo, ukaanza kusimulia mpira.

Pampu ilipokufa, ulianza kuniletea mtungi wa kwanza wewe mwenyewe. Msimamizi mzima, na kitambi chako, unausukuma kwenye kitoroli mpaka mlangoni kwangu, na mkono wa pili una kikombe cha chai kilichofunikwa kwa kisahani. Kila asubuhi, miezi mitano. Wenzangu walinionea wivu, wakisema kaka zao hata maji hawawapi. Nami nikawa naringa.

Daftari linasema yote. Siku ya mwisho kabla ya chai, mstari niliufikia kwa sekunde kumi za kukusanya mwanga. Wiki iliyofuata, sekunde kumi na tatu. Mwezi uliofuata, kumi na tano. Mpaka juzi juzi, kumi na nane. Na pembeni nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: leza inachoka. Nilisafisha vidirisha kwa pamba na spiriti, nikaifuta lenzi, nikaongeza sekunde mpaka kilele kifike kwenye mstari, kisha siku nzima nikapitisha kila mtungi ulioufikia mstari huo. Ulikuwa unanichagulia mtungi wa Bubu kwa ile alama ya chaki, makusudi, uwe kipimo cha mingine yote. Nilipima uongo wako kwa rula uliyoniletea wewe, nikashukuru na kunywa chai.

La mitungi linaniuma, na nadhani siku moja ningeweza kulielewa. Mtu anaogopa, anaficha, siku zinapita, kuficha kunakuwa kazi. La chai limenivunja, kaka. Naliandika wazi ili usiseme sikukwambia.

Na sasa la kwangu, maana nimekuandikia kurasa zote hizi kama vile mimi ni malaika.

Ijumaa ile nilipiga simu mbili. Ya pili nilimpigia nesi, kama nilivyoahidi. Nilikuwa nimeshaiona chati, nilikuwa nimeshajua ndani ya mtungi kuna nini, na nikamwambia mashine inasoma safi, labda mpira wao unavuja, aendelee na mitungi. Alinishukuru, akaniombea baraka. Kumbe alikuwa ameitenga mitungi miwili pembeni akisubiri neno langu. Aliposikia neno langu aliirudisha wadini, na mmoja kati ya hiyo ndio aliofungiwa seremala.

Wewe hili unalijua, kwa sababu nilikueleza mwenyewe nikilia, na ndilo ulilonitishia nalo kwenye simu ya mwisho uliyoipokea. Ulisema kwa sauti ya utulivu kwamba nikilitaja neno la kwenye mitungi mbele ya watu, nawe utawaambia kuwa nilijua tangu Ijumaa. Ukasema tukizama tutazama wote, kwa hiyo nitulie. Siku kadhaa nilitulia kweli. Nilikuwa nalitazama daftari hili na kiberiti kiko hapo hapo mezani.

Juzi Jumanne nilikwenda kwa nesi. Nilimweleza yote ya Ijumaa, nimesimama, maana kiti nilikiona kizito kukikalia. Hakunifokea. Aliendelea kukunja shuka mpaka akamaliza rundo lote, kisha akaniuliza kwa nini. Nikasema niliogopa kumponza kaka yangu. Akasema hata seremala ni kaka wa mtu. Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa mpelelezi, nikamkabidhi daftari, sekunde zote na maneno yote ya pembeni, nikamwambia nilijua tangu Ijumaa na nikamdanganya nesi. Hili nililonalo hapa ni nakala. Amenieleza kwamba leseni yangu ya upimaji imekwisha, na kwamba huenda nikasimama mahakamani. Nilitia sahihi. Kwa hiyo lile ulilokuwa umelishika dhidi yangu halipo tena mkononi mwako, kaka. Usihangaike nalo.

Nilimwambia pia kwamba neno la kwenye mitungi nalijua, na kwamba nilimdanganya. Aliponiuliza linamaanisha nini na ni la nani, nikamwomba anisubiri mpaka Jumatatu mbele ya kamati, na nikamwomba jambo moja zaidi: kwamba wewe uitwe kwanza. Aliivaa miwani yake, akaliandika ombi langu, akakubali. Kwa hiyo Jumatatu saa tatu asubuhi wataingia nawe, na saa nne wataniita mimi. Sina kingine cha kukupa zaidi ya saa hiyo moja. Ukisema kweli, mimi nitakapoingia nitasema tu kwamba kaka yangu amesema kweli. Usiposema, nitasema mimi, kuanzia Jumapili ya mezani mpaka kikombe cha mwisho.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie bakuli lake liko kwangu salama. Mapacha wabusu, na yule mkubwa mwambie hesabu zake za sehemu nitamsaidia akinipigia, simu yangu iko wazi. Mama mwambie nampenda, na akitaka kuja kukaa kwangu kitanda kipo. Asije tu na maneno yale.

Mimi nitafika mapema siku hiyo. Nje ya chumba cha kamati kuna benchi la mbao ambapo watu wanangoja zamu zao. Mlango wa chumba kile haufungi vizuri, mtu akikaa benchini anasikia kila neno linalosemwa ndani. Nitakuwa nimekaa hapo.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja.